Mrututu Kwenye Ndoo ya Bati

Mvua ilipokolea mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukungu uliingia kwenye shamba la nyanya la baba mkwe wangu, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Majani yalianza na madoa ya kahawia, halafu yakanyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Shamba lile ndilo lililotulisha sote. Mama mkwe alikuwa akipeleka matenga sokoni Mwanjelwa na kurudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Wiki ile alirudi na nyanya zake zilezile, zimeoza.

Dawa niliijua. Kwetu Tukuyu tulilima kahawa, na baba yangu alipiga mibuni mrututu, yale mawe ya buluu, akichanganya na chokaa. Shida ni kwamba mimi ni mkamwana wa Kinyakyusa. Mkamwana kwetu hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Akitokea unajificha, hata kama una mtungi kichwani. Majirani wengi walishalegeza. Nyumba yetu haikulegeza hata kidogo.

Basi nikamweleza mama mkwe, naye akamweleza mzee, na mrututu ukanunuliwa. Nilisema wazi: mrututu chungu chake, chokaa chungu chake, bati lisiguse kabisa. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, ila ujumbe akiubeba lazima nusu ianguke njiani.

Asubuhi yake, yeye akiwa sokoni na mume wangu kazini, nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko namenya viazi. Nikachungulia, Mungu anisamehe. Mzee alikuwa ukingoni mwa shamba na ndoo ya bati, ndiyo kwanza anatia mrututu kwenye maji. Bati huula mrututu, na mwingine hatukuwa nao. Nikitoka, ni mkamwana asiye na adabu, na wa namna hiyo hurudishwa kwao. Nikinyamaza, shamba limekwisha. Hasira zilinipanda, hasira na mila, na ukungu, na ile ndoo.

Mbuzi wetu alikuwa amefungwa karibu yangu. Nikampazia sauti.

“We mbuzi! Nani kakwambia mrututu unawekwa kwenye bati? Bati linaula! Hamishia kwenye chungu, haraka!”

Mbuzi akaniangalia. Nilishaanza kufikiria namna ya kufunga nguo zangu.

Kisha nikasikia maji yakimiminwa kwenye chungu. Mzee akakohoa.

“Mbuzi,” akasema taratibu, “na chokaa je?”

“Chokaa ikorogwe peke yake, mbuzi. Halafu mrututu umiminwe humo pole pole, huku unakoroga.”

“Halafu?”

“Chovya msumari. Ukitoka mwekundu ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua.”

“Haya. Ndaga fijo, mbuzi.” Ndiyo asante sana ya kwetu.

Alirashia shamba zima kwa kicha cha majani, na mvua ikinyesha akarudia. Mistari ya bondeni tuliipoteza. Ya juu ilizaa mpaka mvua zikaisha, na matenga yakarudi Mwanjelwa.

Niliishi na mzee yule ua mmoja mpaka alipofariki. Watu husema mila ile ilikuwa ya heshima, nami siwabishii. Lakini alikuwa na sauti ya upole, na nilimpenda. Asante yake moja tu niliyopata kuisikia, alimpa mbuzi.