Kamba ya Mashoto

Mdogo wangu alikuja likizo Mpui kwa mama, na tangu afike simu haikutulia mkononi mwake. Anasomea kemia chuoni, mbali. Sampuli yake alimwachia mwenzake wa maabara aipime, na mwalimu wake alishasema: safari hii ikishindikana, abadilishe mada. Yaani kazi yote aanze upya.

Nilimwuliza anapika nini huko. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda naeleza vibaya. Alisema anaingiza hidrojeni kwenye kitu chenye salfa, na metali ndiyo inayosukuma kazi. Kinachotoka huwa na maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na kwenye dawa moja laweza kutibu, jingine likae bure. Yeye alitaka la kulia tu. Metali yenyewe haichagui, kwa hiyo huifunga na kitu kingine cha kuielekeza. Tena salfa ina tabia ya kuing'ang'ania metali mpaka ichoke.

Mchana tulikaa karibu na kihenge cha mahindi, maana mtandao unashika hapo tu, tukasokota kamba za kufungia mbuzi. Mimi ni mashoto. Mama alichukua uzi wangu na wake azipote pamoja, zikafumuka.

"Wewe mtoto, unasokota kurudi ulikotoka," akasema. Sitamsingizia, pengine hakuwa na ubaya, ila ilinichoma.

Simu ikalia. Mdogo wangu akasoma, akasoma tena. Mama akamwuliza kama kuna msiba.

"Imekuja upande mmoja, karibu yote," akasema. "Lakini wa kushoto."

Nikampa pole. Niliharakisha.

"Dada, pole ya nini? Metali imechagua. Nikiweka pacha wa kinyume wa kile kinachoielekeza, itageukia kulia."

Ila pacha huyo mpaka aagizwe, na mwalimu hakupenda kungoja. Mdogo wangu akamwandikia, akawa anazunguka kihenge kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mama akanisogezea katani. "Basi sokota nyuzi zote mwenyewe."

Nikasokota, nikapota, nikavuta. Kamba ikashika. Bado nilikuwa naivuta, siiamini, mdogo wangu aliposimama.

"Amesema niagize."

Nilidhani sasa atakaa. Akauliza basi la kwanza la Sumbawanga linapita saa ngapi.