Nilimpelekea waziri wa ulinzi buti mbovu za jeshi, halafu nikasema nimesahau jina la mwenyewe

Wakuu, niaje. Mlio mashambani na mlio ofisini mkijifanya mko kazi, nawasalimu wote.

Hii stori nimekaa nayo tangu mwezi uliopita. Sina haja ya kuongeza chumvi, kwanza ndani yake mjinga ni mimi, na hakuna mtu hutunga uongo wa kujiaibisha. Someni pole pole mnisaidie, juu mpaka sasa kichwa haijakaa sawa.

Mimi ni fundi wa viatu hapa Kitale, kibanda yangu iko karibu na soko. Nyumbani ni Matulo, upande wa Webuye, ndiko mama anakaa. Tulizaliwa wawili. Mdogo wangu Wanjala ni mwanajeshi, na mama hawezi kukaa kanisani dakika tano bila kukumbusha watu.

Sasa Wanjala akapewa leave, akapitia kwangu. Akatoa buti za jeshi kwa bag.

Wakuu, hizo buti! Soli imeisha kabisa, kisigino kimelika upande mmoja, uzi umeoza.

"Bro, nishonee hizi vizuri. Usiharakishe, lakini usipee mtu."

Nikamuuliza, "Kwani huko hamupewangi zingine?"

"Wee shona tu."

Wanjala si mtu wa maneno. Tangu utotoni ukimuuliza kitu anakukatia jibu fupi anaenda zake. Kwa hivyo mimi nikajijazia mwenyewe. Nikasema kumbe hivi ndivyo vijana wetu wanateseka, na mama huku anajivunia.

Wiki hiyo hiyo niko hoteli nakunywa chai, waziri wa ulinzi akatokea kwa TV akijibu maswali ya wabunge. Wanajeshi wanakula nini, wanalala wapi, magari yanayotembea ni mangapi, familia zao zinaangaliwa aje. Ilipofika ya sare na buti, akasema kila mwanajeshi anapewa mpya, na zikiisha anabadilishiwa. Alisema hivyo bila hata kuangalia karatasi.

Nikaweka kikombe chini. Si nimetoka kushika hizo buti saa hiyo tu! Nikakimbia kibandani, nikazileta, nikaziweka juu ya meza. Watu wakashika, wakageuza, wakaingiza kidole kwa shimo. Mama wa hoteli akanifokea ati nitoe uchafu kwa meza ya chakula. Wengine wakasema waziri anatuchezea. Mmoja akasema labda ndugu yangu ameuza zile mpya. Huyo ilibaki kidogo tupigane.

Siku chache baadaye tukasikia waziri huyo huyo atakuja uwanja fulani karibu na Kibabii, huko Bungoma, akae na wananchi, aulizwe maswali. Majirani wa kibanda wakaniambia, "Barasa, wewe ndiye uko na ushahidi. Enda."

Nikaenda bana. Nilikuwa nimeshona buti ya kulia. Ya kushoto niliiacha makusudi, ndio ajionee.

Nilitarajia mtu wa kelele. Kumbe ni mzee mtulivu, anasikiza hadi unamaliza. Nilipopewa maikrofoni nikatoa ile buti ya kushoto.

"Mheshimiwa, ulisema kila mwanajeshi anapewa buti mpya. Sasa hii ni nini?"

Nikainua juu. Uwanja ukalipuka. Wakuu, siwadanganyi, kwa dakika mbili nilijiona mimi ndio mkubwa Bungoma nzima.

Waziri hakukasirika. Akaitisha ile buti, akaigeuza, akampa afisa aliyekaa kando yake. Afisa akavuta ulimi wa kiatu. Ndani kulikuwa na namba. Akaisoma kwa maikrofoni, moja moja, mpaka mwisho.

Mimi fundi nilikuwa nimeona hiyo namba na sikuifikiria hata kidogo.

Waziri akasema, "Asante kwa kuleta. Hii kweli haifai kuvaliwa. Nipe jina la mwenyewe tumalizie hili jambo leo."

Hapo akili ilizima kabisa.

Huyu mtu ananisaidia ama ananitega? Nikisema Wanjala, atapewa buti mpya, ama ataulizwa mali ya jeshi inafanya nini kwa kibanda cha Kitale? Hiyo kazi ndiyo ilimjengea mama nyumba. Na niliambiwa nisipee mtu! Na watu wote wananiangalia.

Nikasema, "Nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Jina lake. Nimesahau jina lake."

Wakuu, walicheka! Kuna mzee alishika tumbo akaketi kwa nyasi. Waziri naye akatabasamu, akanirudishia buti, akasema nikikumbuka nimuone afisa. Jioni clip yangu ilikuwa kwa kila simu, na watu wakanipatia jina, ati Fundi Nimesahau.

Nikampigia Wanjala simu. Amezima. Kesho yake, amezima. Mama akapiga, hata salamu hakuna. "Barasa, mimi nilizaa wawili. Mmoja akapata kazi, wewe unaenda kumtoa kazini?" Nilikuwa naogopa hadi nikiona mtu amevaa koti ya kijani naingia ndani ya kibanda.

Siku ya tatu Wanjala akapiga mwenyewe. Nikaanza kuomba msamaha mbio mbio. Akanikatia katikati.

"Bro, hizo buti si zangu. Zangu niko nazo, na ni nzima."

"Ni za nani?"

"Za Simiyu."

Nieleze kidogo. Simiyu ni kijana wa Bokoli. Yeye na Wanjala walitahiriwa asubuhi moja, kwa hivyo ni bakoki. Kwetu bakoki si rafiki wa kawaida, ni mtu huwezi kumkatalia kitu mpaka kaburini. Waliingia jeshi pamoja. Mwaka jana Simiyu akafa kwa ajali ya barabara.

Siku ya kugawa nguo zake, mamake akampa Wanjala hizo buti. Zilikuwa zile kuukuu Simiyu aliacha nyumbani, akija leave analimia nazo. Wanjala alitaka zishonwe ndio azivae siku ya kumkumbuka Simiyu, aingie nazo kwa boma yao, mama Simiyu azione zikitembea tena.

Zililimiwa, wakuu. Mimi mwenyewe nilitoa udongo na maganda ya mahindi kwa mshono, nikatupa, nikaendelea kusema jeshi linatesa watu.

"Si ungeniambia?"

"Wewe ulikuwa unauliza mambo ya jeshi. Hukuuliza ni za nani."

Halafu akaniambia kitu ilinimaliza. Ile namba afisa alisoma ndiyo namba ya Simiyu ya jeshi, na imeandikwa kwa msalaba wa kaburi lake, pale Bokoli. Mamake anaijua kwa kichwa. Na jirani alimuonyesha ile clip.

Nilishona buti ya kushoto nikilia, sitaficha. Kazi ya siku nzima niliipatia kiatu kimoja.

Siku ya kumbukumbu tukaenda na Wanjala. Akazivalia kwa geti. Mama Simiyu alikuwa anapanga viti. Aliona buti kabla aone uso. Akaja, akainama, akashika ncha ya ile ya kushoto. Kisha akaniangalia mimi.

"Ni wewe ulisema umesahau jina yake?"

Wakuu, nilikuwa nimepanga maelezo yote. Kwamba jina nilikuwa naficha ni la ndugu yangu. Kwamba sikujua. Nikayaacha yote.

"Ndiyo, mama."

"Anaitwa Simiyu. Sema."

"Simiyu."

"Tena."

Nikasema tena. Akanionyesha kiti, akaniambia nikae niletewe chakula.

Sasa hapo ndipo niko. Waziri alisema ukweli ama hapana? Kwa buti za Wanjala, ndiyo. Hayo mengine sijui. Nilimuuliza Wanjala kuhusu chakula ya huko, akasema, "Wee kula yako tu." Saa hii sijijazii tena, nimeachia hapo.

Kile nimejifunza ni kidogo. Kiatu ikifika kwa mkono yangu siku hizi, kabla ya kuangalia soli nauliza kwanza ni ya nani. Wateja wananiona nimeanza kuwa polisi, sawa tu.

Haya, uwanja ni wenu. Ya waziri mtajadili, najua hamtaacha. Lakini mwenye amewahi kuwa mama, ama amezika mtoto, aniambie hii moja: nirudi Bokoli nimweleze mama Simiyu jina nililokuwa naficha ni la nani, ama nimwache hivyo? Juu yule mama mpaka leo anajua kuna mtu alisimama mbele ya Bungoma yote na buti za mtoto wake mkononi, akaulizwa ni za nani, akasema amesahau.