Insha ya Mtoto Mgongoni

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na njia moja tu ya kufundisha insha: kukariri. Alikuwa amekimbilia Tanzania zamani, akasoma huko, na aliporudi Bujumbura alikodi chumba Buyenzi, nyuma ya duka la vitambaa. Alitufundisha watu wazima saa nane mchana, ili kila mtu awahi kurudi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Aliandika sentensi ubaoni, tukaisema pamoja mara kumi. Nani anatenda, anatenda nini, lini, wapi. Baadaye insha nzima: aya ya kufungua, aya za katikati, aya ya kufunga.

"Mtihani hauulizi we ni nani," alituambia. "Unauliza kama umefunga insha vizuri."

Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, wazazi wetu walipouawa. Nilibaki na wadogo zangu watatu, wavulana wawili na msichana kitinda mimba. Mjomba wetu wa Ruziba alikuwa ametuvumilia muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tunakula mara moja kwa siku, akaamua kuwagawa watoto: wavulana waende kwake shambani, msichana apelekwe kwa ndugu wa mkewe, mbali huko kusini. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nilimwomba anisubiri mpaka Pasaka, na kama sitakuwa na kazi, awachukue.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, ghala moja la chakula cha msaada, kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, lilitangaza nafasi moja. Mizigo yao ilipitia Dar es Salaam na karatasi zake zote zilikuwa za Kiingereza. Walitaka mtu wa kuzisoma na kuandika ripoti. Hawakuuliza diploma, walitaka mtihani tu.

Tulikuwa kumi na wawili kwenye chumba chenye harufu ya magunia. Msimamizi, mama mmoja Mtanzania ambaye wote walimwita madamu, aliandika mada ubaoni: siku nisiyoweza kuisahau. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Miezi mingi nyuma mwalimu alitupa mada hiyohiyo. Wakati ule niliandika siku tuliyokimbia: mama alinifunga mtoto, yule kitinda mimba, mgongoni kwa kitenge, akaniambia nitangulie na wavulana kupitia shamba la mihogo, yeye afunge mlango kisha atufuate. Hakutufuata. Mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka ikabaki bila kosa, kisha akaomba abaki na karatasi. Mimi nilikuwa naikumbuka yote. Niliiandika upya pale, neno kwa neno.

Baada ya kukusanya karatasi na kuzisoma, madamu alituita mbele mimi na mwanamke mmoja mwenye mabega mapana, mkubwa kuliko mimi. Sikuwahi kumwona.

"Nina karatasi mbili hapa," alisema. "Mama mmoja, mlango mmoja, shamba moja la mihogo. Nani amemwibia mwenzake?"

Akanipa karatasi ya yule mwanamke. Nilisoma nikiwa nimesimama. Mama yangu alikuwa mle ndani, anafunga mlango wetu, kwa mwandiko nisioujua. Kitenge kilikuwa cha kijani, kama kilivyokuwa. Nilisikia lori likirudi nyuma uani na watu wakilielekeza kwa kelele, na sikuelewa kwa nini bado kuna watu wanapakua magunia.

Kisha nikafika aya ya mwisho. Kwangu, aya ya mwisho ilisema tulifika salama na mtoto alilala. Hapa ilisema: tulipofika nilifungua kitenge, na mtoto alikuwa ameshapoa.

"Hajafa!" Wale wengine wote waligeuka. "Yuko hai! Yuko mwaka wa nne shuleni, asubuhi hii nimemsuka nywele!"

Nilimgeukia yule mwanamke. Nilikuwa tayari kumshika shingo.

"Umemuulia nini mdogo wangu?"

"We, teremsha mukono," alisema. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Mi sikuua mutoto wa mutu. Mwalimu alitupa ile insha, tukaishika kwa kichwa."

"Mwalimu gani?" madamu aliuliza.

Alimtaja, alikuwa mwalimu wangu. Asubuhi alifundisha kundi jingine, kwenye mtaa mwingine. Mimi sikujua.

"Lakini mwanzo, ndiyo, siyo yangu," yule mwanamke aliendelea. "Mwisho ni yangu. Nilimuandikia yangu, ilikuwa fupi, makosa mengi. Akaniambia, mama, mwanzo ni mubaya, mwisho ni muzuri. Akachukua mwisho, akafungia insha ya mutu mwingine." Akanitazama. "Sikujua ni we. Wangu alikuwa wa miezi nane."

Hasira yote niliyokuwa nayo ilikosa pa kwenda. Nilifikiria kundi zima la asubuhi limekaa kwenye mabenchi, likikariri mara kumi mama yangu, mara kumi mtoto wake.

"Mwisho ni wake," nilimwambia madamu. "Mwanzo ni wangu."

Madamu alivua miwani, akakaa. Alizikunja zile karatasi mbili akaziweka chini ya kitabu, kisha akatupatia sisi wawili nyingine nyeupe.

"Andikeni kazi mliyoifanya jana kwa mikono yenu. Nusu saa."

Mada hiyo hakuna aliyetufundisha. Niliandika jinsi ninavyofua sare za shule. Kila mtoto ana moja, kwa hiyo naifua akirudi, naianika, na isipokauka naimalizia kwa pasi ya makaa. Sentensi zilikuwa fupi, na nilijua nyingine zina makosa. Pembeni yangu yule mwanamke aliandika mistari miwili, akalaza kalamu.

"Kichwa imebaki kule," alininong'oneza.

Nilijua nafasi ni moja. Sikuacha kuandika. Muda ulipoisha mashati yangu yalikuwa bado kwenye kamba, insha haikuwa na aya ya kufunga.

Jumanne jina langu lilibandikwa getini. Nilimuulizia yule mwanamke kwa mlinzi, hakumjua. Nikaenda Buyenzi kumwambia mwalimu aiondoe insha yangu darasani. Alishangaa kweli.

"Lakini ni nzuri, dada! Watu wanalia darasani!"

"Ndiyo maana."

Alinipa ile karatasi yenye wino mwekundu. Nakala zilizokuwa vichwani mwa watu hakuweza kunirudishia.

Siku ya Pasaka mjomba alikuja kutoka misani, na gari la kuazima, kuwachukua watoto. Nilimpa barua ya kazi. Aliigeuza huku na huku kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili, mpaka mahali paliposema nianze Jumatatu inayofuata.

"Umeandika nini hata wakakukubali?"

"Namna ya kufua mashati."

Alicheka, kisha akaona sicheki.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mjomba. Watoto hawaendi."

Mdogo wangu wa kike alikuwa mlangoni akitusikiliza. Mjomba alimwangalia, akanirudishia barua, akamwambia dereva azime gari, kwani watakunywa chai kwanza, kisha warudi wao wawili tu.