Kisima Alichokisahau Baba

Kabla ya kupata jengo, kanisa letu la Kibaptisti pale Nakuru lilikuwa chumba chetu kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Kila Jumapili kitanda kilisimamishwa ukutani, waumini wakajibana sakafuni. Ilikuwa miaka ya hamsini, ikielekea ukingoni. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyewakaribisha. Baba alichukua kiti chake akaenda kukaa nje, na nyanya akamwombea wokovu kwa sauti kubwa, dirisha wazi, ili asikie vizuri.

Baba hakuwa mkorofi. Kanisa la kwao, huko magharibi, halikubatiza mtu kwa maji hata tone, na mambo ya kuzamishana aliyaona ya kitoto. Lakini alikuwa mwashi, na waumini walipopata kiwanja hakungoja kubembelezwa. Jioni, akitoka kazini, alichonga mawe na kupandisha kuta. Mwishowe akamwaga sakafu ya saruji nyekundu, laini hata akina mama wakawa wanavua viatu mlangoni. Nilijivuna utadhani nimeijenga mimi.

Jengo lilipokaribia kufunguliwa, mchungaji alisimama mbele, akaangaza macho huku na huku, akauliza kisima cha ubatizo kiko wapi. Baba hakuwa amekiwaza. Hata wazee wa kanisa, waliopita pale kila jioni kuisifu sakafu, hawakuwa wamekikumbuka. Wengi wao walikulia makanisa ambako kikombe cha maji kilitosha.

Wengine wangeweza kushuka Mto Njoro. Nyanya hangeweza, miguu yake ilikuwa imevimba, na ubatizo wake alikuwa ameungojesha hadi jengo hilo likamilike.

"Wachana nayo, kijana yangu," alimwambia baba usiku ule, akiwa kitandani. "Hiyo sakafu ni nzuri sana."

Kisha akageukia ukuta. Nilimwonea uchungu hadi nikalia.

Kesho yake baba alishika sururu akaivunja sakafu yake mwenyewe. Alichimba, akajenga, akaweka vidato vifupi vya kufaa miguu ile.

Saruji haikupewa muda wa kutosha kukauka. Jumapili ya kufungua jengo, kisima kikiwa kimejazwa na wimbo ukiendelea, maji yalianza kunywewa na udongo. Nyanya alipofika chini yalikuwa magotini. Ilibidi aketi, na kuketi hakuweza. Baba akaingia na suti yake ya pekee, akakaa majini, akampakata mama yake. Mchungaji alipomlaza nyanya, baba akazama naye.

Waliibuka wote wawili wakitiririka maji, kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Mchungaji, mtu wa kufuata taratibu, akaeleza kwa upole kwamba aliyebatizwa ni mama peke yake.

Nyanya aliushika tu mkono wa baba, akakataa kuuachilia.

Baba aliyatazama maji, yaliyokuwa yameshuka hadi kiunoni pale alipoketi.

"Basi fanya haraka, pastor," akasema. "Maji inaisha."