Mzee Bado Yuko Safari

Kwenye kundi letu la vichekesho mtu alikuwa haachishwi. Alikuwa anasafirishwa. Ukisikia "fulani tumemsafirisha", ujue kaacha mwenyewe, au kagombana na wenzake, au kaolewa na mwanamume asiyetaka kumwona mkewe anaanguka kwenye beseni la maji mbele ya nchi nzima. Basi yule anayemwigiza lazima aondoke kwenye mchezo. Tunampa mfuko begani, anaaga uani, anatoka getini. Mpangaji mwenzake wa kwenye mchezo akiuliza yuko wapi, tunajibu kaenda Masasi. Masasi kwa sababu aliyelianzisha kundi kwao ndiko, na mie kwetu si mbali na huko.

Majina ya wote waliopita pale ninayo kichwani, kuanzia yule wa kwanza aliyekuja na ngoma yake kwapani mpaka binti wa mwisho aliyeletwa na kituo cha televisheni. Hapa sitayaandika. Wengine siku hizi wana heshima zao msikitini na kanisani, wengine ni mababu za watu. Huyo mwanzilishi nitamwita Mzee, maana ndivyo tulivyomwita sote, tangu hana hata mvi moja.

Tulianzia Temeke, kwenye ua wa nyumba ya kupanga. Mie nilikuwa nauza vitumbua barazani hapo hapo, na kundi lao lilikuwa linajiandaa kwenda kuchekesha watu kwenye ngoma ya mwali. Siku hiyo mwanamke aliyekuwa anaigiza mke wa Mzee hakutokea. Mzee akageuka, akaniona. "We mama," akasema, "njoo unigombeze." Nikaenda nikamgombeza. Sikujua kama hiyo ndiyo kuigiza. Nilikuwa namgombeza mtu ambaye kila asubuhi anabonyeza vitumbua vyangu vyote kwa kidole ndipo achukue kimoja. Watu wakacheka, nami nikazidi kukasirika, nao wakazidi. Toka hapo nikawa mke wake wa mchezo, na televisheni ilipotuchukua niliingia nayo hivyo hivyo, na ukali wangu.

Waliotuona watakumbuka. Mzee ni baba mwenye nyumba, mie mkewe, na wapangaji kila wiki wana vituko vipya. Namgombeza Mzee, naye kasimama na kofia yake na koti lake la kaki, mkono uko mfukoni, anatafuna karanga taratibu. Nikimaliza kabisa, pumzi imeniishia, anamgeukia mgeni anamwambia, "Karibu karanga." Basi, hakuna kingine. Watoto wa mtaani kwangu Mbagala mpaka leo wakiniona wananikaribisha karanga.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa anaigiza kinyozi, alifariki kweli. Tulipotoka kumzika tukajua na kinyozi wa kwenye mchezo naye atakufa. Mzee akakataa. "Kwenye mchezo wangu hafi mtu," akasema. "Ukishamzika mtu umemfungia mlango. Akisafiri, tunaweza kumngoja." Kinyozi naye akaenda Masasi, na kiti chake tukakiacha palepale uani, hakikaliwi.

Na walikuwapo waliorudi. Anayerudi anaingia getini na mfuko ule ule, mie najishika kiuno namuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, naye anajibu maneno mawili tu: "Foleni Ubungo." Hapo watu walikuwa wanalala chini kwa kucheka, maana nani hajawahi kuwekwa na foleni ya magari ya Ubungo? Mmoja alituhama akaenda kituo kingine, akatusema vibaya huko, mambo yakamshinda. Alivyorudi alisema "foleni Ubungo" huku machozi yanamtoka. Mzee akatoa karanga mfukoni akampa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kitu kimoja Mzee alikuwa mkali nacho: mfuko wa safari usiwe mtupu. Vijana walikuwa wanaujaza magazeti, uonekane umevimba. Anaumwaga chini wote. "Mfuko mtupu unaonekana begani," anasema. "Mtu anayeondoka kweli, bega linashuka." Alikuwa anaupanga mwenyewe, nguo kwa nguo, kama anampangia mwanawe anayekwenda shule ya bweni.

Kiharusi kilimkuta nyumbani kwake Kipawa, ameinama anafunga kamba za viatu aje kurekodi. Upande mmoja ukalala na maneno yakaondoka, likabaki moja tu: bado. Ukimsalimu, bado. Ukimuuliza kama anasikia baridi, bado. Kwenye mchezo ikabidi tumsafirishe bila mwenyewe kuwapo. Nilisimama getini peke yangu, mbele ya kamera, nikampungia mkono mtu asiyeonekana. Waliotuangalia majumbani walidhani ni kichekesho kipya.

Uongozi akaushika kijana wetu, aliyekuwa anaigiza mpangaji mkorofi wa chumba cha mwisho. Si mtu mbaya, na asije mtu akasoma hapa akadhani namsema. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Ila alishika kundi wakati mgumu. Kituo nacho kilikuwa kimebadilisha bosi, na bosi mpya akasema watu wamehamia kwenye simu, anataka sura mpya. Sura mpya zikaja, vijana wanaochekesha huko kwenye simu, wepesi, wanaongea haraka mpaka nilikuwa nawaomba warudie. Za zamani zikaanza kusafirishwa, huyu leo, yule wiki ijayo. Nilimwambia yule shoga yangu anayeigiza jirani mmbea, "Masasi sasa itakuwa imejaa, tukienda sie tutalala wapi?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Jioni moja kijana akaja kwangu Mbagala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na soda mkononi. Sema."

Akakaa. "Mama, ishu ni Mzee."

"Amezidiwa?"

"Hapana, hapana. Mzee wa kwenye mchezo. Bosi anasema hatuwezi kuwa na baba mwenye nyumba ambaye yuko safari kila siku. Anataka tufanye msiba. Msiba mkubwa, watu wanagombania pilau, matanga siku nzima. Wewe ndiye mjane. Kile kilio chako, Mama! Watu watalia huku wanacheka."

"Na lile koti?"

"Atavaa dogo mmoja. Ataigiza mdogo wake Mzee, kaja kurithi nyumba."

"Na kunirithi mie?"

Akatazama chini. "Hapo ndipo kichekesho kilipo."

Nikamwambia, "Mwenyewe yuko hai Kipawa. Kila wiki anatuangalia."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Ukimlilia wewe, hakuna atakayesema tumemkosea."

"Nisipomlilia?"

"Bosi anataka nipunguze watu tena. Nitakukingia kifua." Akajigusa hapo kifuani, naye ni mwembamba kama nini. "Lakini kifua chenyewe ndio hiki."

Kesho yake nikaenda Kipawa. Mke wa Mzee, wa kweli, alinipokea mlangoni kama anavyonipokeaga siku zote.

"Karibu, mke mwenza! Mumeo huyo hapo, mchukue, mie nimechoka naye. Mwenzio hataki uji."

"Mume wa mchana tu huyo," nikamjibu. "Wa kuoga na kulisha ni wako."

Tukacheka, kisha nikamweleza. Kicheko kikamkauka. Akakaa kwenye mkeka, akavuta kanga yake mabegani.

"Wakimzika huko," akasema, "hapa majirani wataniletea mchele. Unawajua watu wa huku. Alipoumwa jino kwenye mchezo, waliniletea karafuu. Sasa mchele wa msiba nitampikia nani, marehemu mwenyewe?"

Mzee alikuwa ameketi dirishani, mkono uliolala kauweka juu ya mto. Nikasogeza kigoda nikakaa mbele yake, magoti yetu karibu yagusane, kama tulivyokuwa tunakaa kwenye mchezo nikitaka kumgombeza vizuri.

"Mzee," nikasema, "wanataka kukuzika kwenye mchezo. Mie ndiye nikulilie. Nikulilie?"

Ndege ikapita juu ya bati, tukanyamaza wote kuingoja, maana Kipawa hamsikilizani ndege ikipita. Ilipokwisha, Mzee alikuwa bado ananitazama.

"Bado," akasema.

Mkewe akatikisa kichwa. "Usije ukalitia maana hilo neno, mke mwenza. Asubuhi nimemuuliza kama anataka kwenda chooni, kasema hivyo hivyo, na nguo kalowesha."

Najua. Alikuwa anasema kweli. Lakini mtu ukienda kuuliza, ukajibiwa, unaondoka na ulichojibiwa.

Siku ya kurekodi mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Sufuria la pilau ni la kweli, linanukia mpaka kwa majirani. Kofia ya Mzee wameitundika ukutani kwenye msumari, na chini yake yupo dogo tayari kavaa koti, mikono imemzidi. Nikajifunika kanga, nikakaa katikati ya wanawake. Sikwenda pale nimeamua, nasema ukweli. Nilikwenda na kilio changu kama nilivyoitwa. Njia nzima nilikuwa nakijaribu kimoyomoyo.

"Haya, Mama," kijana akasema nyuma ya kamera. "Taratibu tu."

Shoga yangu, jirani mmbea, akaja kwa magoti akanishika mikono. "Pole, shoga. Mzee ametutoka."

Nikafungua mdomo nilie, likatoka neno lake. "Bado," nikasema.

Akanikodolea macho. Kwenye karatasi zao hilo halikuwapo. Lakini ni mtu wa siku nyingi yule, akashika. "Bado nini tena?"

"Bado hajatutoka. Nani kawaambia amekufa? Nyie mmeona maiti?"

"Na pilau hii?"

"Kuleni. Mzee yuko Ubungo, kwenye foleni. Akifika mtamweleza wenyewe mlikula ya msiba wa nani." Nikamgeukia dogo. "Na wewe, vua koti la watu. Mwenyewe anarudi, utamwambia nini?"

Mpiga picha akajiziba mdomo, mabega yanamtikisika. Mama mmoja aliyeletwa kukaa tu mkekani, asiyejua mchezo unaendaje, akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi!" Hapo hata waliokuwa wamejikaza wakashindwa. Mie sikucheka.

Kijana akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniongelesha chinichini.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Turudie?"

"Rudieni. Ila mie kilio hicho sina."

Akaitazama kofia pale ukutani. Akainuka, akamwambia mpiga picha, "Twende na hii."

Kisa kile kilitoka kama kilivyo. Nasikia watu walikipenda. Msiba haukufanyika, na hakuna mdogo wake Mzee aliyekuja kunirithi. Lakini bosi naye hakutaka kuambiwa na bibi kizee mchezo wake uendeje. Haikupita muda kijana akaja tena Mbagala, safari hii hana soda.

"Mama," akasema, akashindwa kuendelea.

Nikamsaidia. "Masasi?"

"Masasi."

"Haya. Nitakwenda kumwangalia mume wangu kakwama wapi. Hata watazamaji wataelewa."

Siku yangu ya kusafiri wapangaji wapya walisimama uani kunipungia. Nilimgombeza kila mmoja kwa zamu, kwa mara ya mwisho, naona walifurahi. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniletea mfuko. Nikaunyanyua nikautia begani, na bega likashuka. Nikamtazama, naye akatazama pembeni. Kumbe alikuwa anasikia, Mzee alipokuwa anamwaga magazeti yale.

Nikatoka getini. Nje nilisimama kidogo kungoja sauti ya kuniita tena, kama ilivyokuwa zamani ukikosea kitu. Haikuja. Nikafungua mfuko. Juu kuna kanga zangu za mchezo. Chini yake kofia, na koti la kaki limekunjwa vizuri.

Niliona amefanya wema. Koti lile hatalivaa dogo yeyote. Kisha nikaona na jambo la pili, nikakaa kwenye jiwe pale nje. Kama koti linatoka, hakuna tena anayemngoja mwenye koti. Hawakumzika, walinipa mie nikamngojee.

Niliupeleka mfuko Kipawa hivyo hivyo ulivyo. Mke mwenzangu alilikung'uta koti dirishani, tukamvisha Mzee sote wawili, mkono uliolala kwanza, kisha mkono mzima. Kofia nikamvika mie, nikaiinamisha kidogo kushoto, maana ndivyo alivyokuwa anaivaa.

"Umerudi, mwanamume?" nikamuuliza, kwa sauti yangu ya mchezo. "Ulikuwa wapi?"

Tukangoja aseme bado. Hakusema kitu. Mkono wake mzima ulishuka polepole, ukaingia mfukoni mwa koti, ukapekua. Ukatoka na maganda ya karanga, makavu, ya siku nyingi. Akayaweka kiganjani kwangu.