Video Isiyo na Picha

Kwa miezi mitatu simu yangu ilinionya kwamba nafasi yangu ya hifadhi ya mtandaoni ilikuwa ikikaribia kujaa, nami nikazipuuza arifa hizo kama ninavyopuuza habari za vibarazani. Siku ilipoandika kwamba imejaa, na kwamba sitapokea tena barua pepe, ndipo nilipoketi wima. Tulikuwa tukingoja barua moja, na barua hiyo ilimhusu binti wa marehemu kaka yangu.

Binti huyo anaishi nami mtaani Waberi, na hana kitambulisho. Alipokuwa na umri wa miaka saba, ukame uliwamaliza ngamia wa kaka yangu kule Banissa, naye akampeleka mtoto katika kambi ya wakimbizi ya Ifo na kumwandikisha katika kaya ya mwanamke aliyefahamiana naye, ili apate mgao wa chakula. Alama za vidole vyake zikachukuliwa. Leo, kila anapovigusisha kwenye mashine ya serikali, mashine hujibu kwamba yeye ni mkimbizi. Havuki kizuizi cha polisi cha daraja la Mto Tana bila kuteremshwa garini. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi, lakini hakingemwandikisha bila kitambulisho. Jopo la kuhakiki uraia lilikuwa limetupangia siku, na mwalimu mkuu wa shule aliyoianza Banissa kabla ya ukame alikuwa ameahidi kututumia nakala ya daftari la wanafunzi.

Nilikuwa na ushahidi mwingine, wenye nguvu kuliko daftari. Kaka yangu alipokuwa akikata roho alitoa dardaaran, yaani wasia wa mdomo anaowaachia mtu wanaobaki nyuma yake. Mimi siridhiki na maneno yasiyo na pa kushikwa, nikamwomba niyarekodi. Alikubali kwa sharti kwamba sura yake isichukuliwe, kwa kuwa maisha yake yote aliiona picha ya mtu kuwa jambo la kuogopwa mbele ya Mungu. Sikujua kutumia kinasa sauti cha simu. Nilijua video tu. Basi nikaiwasha video na kuilaza simu mkekani, jicho la kamera likiangalia chini. Kwa dakika arobaini alieleza kila kitu: mwaka, jina la yule mwanamke, sababu, kisha akamwomba binti yake radhi. Rekodi hiyo sikumtumia mtu yeyote, hata binti mwenyewe, ingawa alijua ipo, maana kaka alikuwa akikiri kosa, na kitu kikishasambazwa simuni hakina mwenyewe tena.

Nilikwenda kwa fundi wa simu sokoni, mtu wa makamo niliyemfundisha zamani.

“Mwalimu, umeweka nini humu?” akasema. “Mpaka salamu za Ijumaa za miaka sita?”

“Zinatumwa na watu wazima. Siwezi kuwakatalia.”

“Wamekujaza, basi. Ukifa leo, warithi wako watagawana picha za maua.”

Akanifungulia orodha ya mafaili, makubwa yakiwa juu. Palikuwa na harusi, palikuwa na mafuriko ya Mto Tana, na palikuwa na video tano nyeusi tititi.

“Na hizi?” nikauliza.

“Hizo ni za mfukoni. Simu za wazee wote hujirekodi. Kila siku nazifuta.”

“Una hakika?”

“Wallahi, Mwalimu, ni giza tupu. Nani anahifadhi giza?”

Nilizitia alama kwa kidole changu mwenyewe. Sikuifungua hata moja. Katika kumbukumbu yangu wasia wa kaka ulikuwa sauti. Sikuwahi kuufikiria kuwa una sura, sembuse sura nyeusi. Fundi akaniambia nafasi haitarudi mpaka pipa la taka nalo limwagwe. Simu ikaniuliza kama nataka kufuta kabisa, ikaongeza kwamba hakuna kurudi nyuma. Nikakubali. Barua zilianza kuingia kabla sijafika nyumbani.

Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa miongoni mwake. Daftari la mwaka ule halikuonekana. Yaliyobaki yalianzia miaka miwili baadaye.

“Si kitu, adeer,” binti akaniambia, kwa neno letu la kumwita ami. “Tunayo sauti ya aabo.”

Nikaitafuta sauti ya baba yake siku mbili, ndani ya simu, katika akaunti, katika pipa lililokwisha kumwagwa. Nilimrudia fundi. Hakufanya mzaha safari hii.

“Kilichotoka pipani kimekwenda, Mwalimu. Ungeniambia mna mtu ndani.”

Nilimweleza binti baada ya sala ya alasiri. Aliuliza kwanza: “Uliisikiliza kabla ya kuifuta?”

“Hapana.”

“Maneno yake unayakumbuka?”

“Yote.”

“Basi utayasema wewe.”

Hakujua alilokuwa akiniomba. Mimi mwenyewe nilikaa katika jopo lile miaka minne. Nilimrudisha mwanamke wa Wajir aliyekuja na maneno ya marehemu mama yake; nilimwambia kwamba maiti hashuhudii kwa kinywa cha mwingine. Sijui alikoishia.

Siku yetu ilipofika nilisimama mbele ya meza niliyoizoea kutoka upande wa pili. Nikayasema yote, bila kuongeza neno. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu.

“Rekodi yenyewe iko wapi, Mwalimu?”

“Imefutika.”

“Nani mwingine alikuwapo?”

“Mimi na yeye tu.”

“Na yule mwanamke wa Ifo?”

“Amefariki.”

Akaandika mstari mmoja, akalifunga faili, akaita jina la anayefuata. Nje, binti aliniuliza mwenyekiti ameandika nini. Nilikuwa nimeusoma mstari ule ukiwa kichwa chini, na maneno yake nayajua, kwa sababu nimeyaandika mara nyingi kwa mkono huu.

Nikamwambia sikuona.