Kilo Ishirini na Nne Zilizopungua Stoo

Saa mbili asubuhi, mtunza stoo ya vielelezo anafungua mlango wa chuma, lakini haingii. Anasubiri mpelelezi aliyetumwa kumchunguza apekue kwanza mkoba wake.

"Leo umebeba nini, Mama Mizani?"

"Miwani, kitabu cha sala na ndizi mbili. Zipime kabisa, jioni usije ukasema zimepungua."

Mpelelezi hacheki.

Kwa miaka kumi na moja, mama huyu wa watoto watatu ametunza dawa za kulevya zinazokamatwa na mamlaka, hadi kesi ziishe. Mapema mwaka huu alipokea magunia manne ya bangi, kilo 62. Baada ya mwezi mmoja, yakitolewa kwenda mahakamani, yalikuwa na kilo 38. Lakiri zilizoziba midomo ya magunia zilikuwa nzima. Funguo za stoo ni mbili: mmoja wake, mwingine wa mkuu wake.

Tangu hapo, anayemsalimia anamtazama mikono. "Hata wifi yangu kaniuliza, 'Friji hii mmeitoa wapi?' Friji ya mwaka juzi!"

Anaeleza kuwa bangi hiyo ilifungwa ingali mbichi, na hakuna aliyeandika hivyo. "Nami nikatia saini bila kuuliza. Kosa langu ni hilo. Jani likikauka linakuwa jepesi, hata mpishi wa mboga anajua."

Aliomba jaribio. Kilo kumi za bangi mbichi zikawekwa kwenye gunia, zikafungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao mpelelezi peke yake. Leo mwezi umetimia.

Mizani inasoma kilo sita na robo.

Mpelelezi anapiga hesabu, kisha anarudia. "Kwa ukavu huu, magunia yako yangebaki na kilo thelathini na nane na robo tatu. Hiyo robo tatu iko wapi, mama?"

"Umemuuliza mwenye ufunguo wa pili?"

Mpelelezi anafunga daftari. Anamshauri akubali uhamisho wa kwenda masjala, mambo yaishe kimyakimya.

Mama Mizani anakataa. Jumatatu atafika mbele ya kamati inayosikiliza suala lake kuomba kila gunia liandikwe mbichi au kavu, na lakiri zile zichunguzwe upya.

"Nimesali sana juu ya jambo hili," anasema. "Robo tatu hiyo itafutwe, hata kama itawafikisha kwa mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi."